Werner Forssmann: Daktari aliyefika kwanza chumba cha juu cha moyo

MKAZI wa Mbweni, kwenye ukingo wa kaskazini wa Wilaya ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, anayeambiwa na daktari kuwa moyo wake unapiga polepole mno na kwamba anahitaji kuwekewa betri, huwa na maswali mengi kichwani anaporudi nyumbani kwa Barabara ya Bagamoyo. Je, atapasuliwa kifua? Waya utaingiaje ndani ya moyo ambao hautulii hata kwa dakika moja? Na daktari atajuaje kuwa ncha ya waya huo imekaa mahali panapotakiwa?

Maswali hayo yalipata jibu la kwanza mwaka 1929, katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, kaskazini mashariki mwa Berlin, nchini Ujerumani. Aliyeyajibu alikuwa daktari kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo yake, Werner Forssmann. Wakati huo betri ya moyo inayopandikizwa mwilini ilikuwa bado haijabuniwa, na wala yeye hakuwa akiifikiria. Lakini njia aliyoipita, na kituo alichofikia, ndiyo njia na kituo kinachotumiwa hadi leo kila daktari anapoweka waya wa betri katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo.

Maisha ya mtu huyo yana mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Kwa upande mmoja kuna ushujaa wa kisayansi uliokuja kuokoa maisha ya watu wasiohesabika. Kwa upande wa pili kuna udanganyifu dhidi ya muuguzi aliyemwamini, na uanachama katika chama kilichoiingiza dunia katika maangamizi. Historia ya tiba ya moyo imelazimika kuyabeba yote mawili.

Mtoto wa Berlin

Werner Theodor Otto Forssmann alizaliwa Berlin Agosti 29, 1904. Dar es Salaam ilikuwa wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na amri zilizotawala maisha ya wakazi wa pwani hii zilitoka katika mji huo huo aliozaliwa. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na watawala hao na kufunguliwa mwaka 1897, ilikuwa imetimiza miaka saba.

Baba yake alikuwa mwanasheria. Alikwenda kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na akauawa mwaka 1916, mwanawe akiwa bado mtoto. Kijana huyo alisoma sekondari hapo hapo Berlin, na mwaka 1922 akajiunga na Chuo Kikuu cha Berlin kusomea udaktari. Mwaka 1929 alifaulu mtihani wa Serikali, kisha akaenda Eberswalde kujifunza upasuaji.

Katika zama hizo moyo ulihesabiwa kuwa kiungo kisichoguswa. Mgonjwa aliyezimia ghafla na kuhitaji dawa ya kufika moyoni haraka alichomwa sindano ndefu kupitia ukuta wa kifua. Njia hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Sindano iliweza kutoboa pafu, au kukata mshipa unaoulisha moyo wenyewe, na mgonjwa akafa kwa tiba badala ya ugonjwa. Forssmann aliamini kuwa lazima kuwe na njia iliyo salama zaidi.

Njia hiyo aliiona katika mchoro wa kitabu. Mchoro ulionyesha jaribio lililofanywa Ufaransa mwaka 1861 na watafiti wawili, Auguste Chauveau na Étienne-Jules Marey, ambao walipitisha mrija katika mshipa mkubwa wa shingo ya farasi hadi ndani ya moyo wake ili kupima shinikizo la damu humo. Farasi hakufa. Forssmann akajiuliza ni kwa nini jambo hilo lishindikane kwa binadamu, tena kwa kuanzia mahali palipo wazi zaidi kuliko shingo, yaani mshipa ulio ndani ya kiwiko cha mkono. Damu yote ya mshipa huo huelekea moyoni. Kitu chembamba na laini kikisukumwa kwa upole, kingepaswa kufuata mkondo huo huo.

Alimweleza mkuu wake wa kazi, Dk. Richard Schneider. Mkuu huyo alikataa kumruhusu kufanya jaribio hilo kwa mgonjwa, na akakataa pia asilifanye kwa mwili wake mwenyewe.

Siku ya jaribio

Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha Forssmann, ambaye mwaka 1972 alichapisha kitabu cha maisha yake, kikwazo kilichobaki kilikuwa vifaa. Vifaa safi vya upasuaji vilikuwa chini ya muuguzi Gerda Ditzen. Daktari huyo alimweleza mpango wake kwa siku kadhaa hadi muuguzi akavutiwa, akakubali kutoa vifaa, na hata akajitolea kuwa yeye ndiye atakayefanyiwa jaribio hilo.

Forssmann alimwacha aamini hivyo. Alimlaza juu ya meza ya upasuaji, akamfunga mikono na miguu, akampaka dawa mkononi kana kwamba anaanza kazi. Kisha, akiwa pembeni ambako muuguzi hakumwona vizuri, akajichoma dawa ya ganzi katika mkono wake wa kushoto, akaukata mshipa, na kuingiza mpira mwembamba wa aina iliyotumika katika tiba ya njia ya mkojo. Muuguzi alipotambua kuwa amedanganywa, mpira ulikuwa tayari umo ndani ya mkono wa daktari.

Akamfungua, na wawili hao wakashuka hadi chumba cha eksirei kilichokuwa chini ya jengo. Hapo ndipo penye kiini cha jaribio lote. Forssmann hakutaka kusukuma mpira gizani na kutangaza kuwa umefika. Alitaka kuona. Alisimama nyuma ya skrini ya mionzi, kioo kikashikwa mbele yake, na kwa kutazama katika kioo hicho akaweza kufuatilia ncha ya mpira ndani ya kifua chake mwenyewe huku akiendelea kuusukuma. Daktari mwenzake, Peter Romeis, aliingia na kujaribu kumzuia, lakini hakufaulu.

Mpira ule ulikuwa na urefu wa sentimita 65, nao ukaingia wote. Ulipita begani, ukapinda nyuma ya mtulinga, ukateremka katika mshipa mkubwa wa juu, na ncha yake ikasimama katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Haukwenda mbele zaidi kwa sababu haukuwa na urefu wa kutosha. Picha ilipigwa, na picha hiyo ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa leo analiona kwa urahisi kuliko madaktari wa siku ile. Mahali mshipa mkubwa wa juu unapoungana na chumba hicho ndipo penye kijifundo cha chembe zinazozalisha umeme wa asili unaoamuru moyo upige. Kijifundo hicho kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack. Kwa maneno mengine, mpira wa Forssmann ulipita jirani kabisa na betri ya asili ya moyo wake. Hatari haikuwa ya kufikirika, kwani kitu kigeni kinachogusa kuta za moyo kinaweza kuvuruga mapigo yake.

Kejeli na milango iliyofungwa

Dk. Schneider, alipoiona picha, alikubali kuwa jambo kubwa limefanyika. Alimruhusu kijana wake kuitumia njia hiyo kwa mgonjwa mmoja mwanamke aliyekuwa mahututi, ili dawa ifike moyoni moja kwa moja. Mgonjwa huyo hakupona, lakini njia ilidhihirika kuwa inawezekana. Novemba 1929 taarifa ya jaribio ilichapishwa katika jarida la kitabibu la Ujerumani liitwalo Klinische Wochenschrift.

Badala ya pongezi, zilifuata kelele. Magazeti yaliipokea habari hiyo kama kioja. Daktari mmoja wa Berlin, Ernst Unger, alilalamika kuwa yeye na wenzake, akiwamo Fritz Bleichröder, walikwisha kuingiza mipira katika mishipa ya binadamu mwaka 1912, na kwamba hawakutajwa. Hata hivyo wenzake hao hawakuwa na picha ya kuonyesha ncha ilikofika. Forssmann alikuwa nayo, na hiyo ndiyo tofauti iliyompa nafasi yake katika historia.

Alikwenda kufanya kazi katika hospitali mashuhuri ya Charité mjini Berlin, chini ya Profesa Ferdinand Sauerbruch, mpasuaji aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote nchini humo. Profesa huyo aliliona jaribio la Eberswalde kuwa mchezo wa sarakasi usiostahili kliniki yenye heshima, na kijana akalazimika kuondoka.

Hakuacha papo hapo. Aliendelea kujifanyia majaribio, na alijaribu pia kupitisha katika mpira ule dawa inayoonekana katika eksirei, kwanza kwa mbwa na kisha kwa mwili wake, ili apate picha ya ndani ya moyo. Kwa mbwa picha zilionekana. Kwake mwenyewe, mitambo ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kutoa picha ya kuridhisha. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1931.

Hatimaye alichoka. Hakukuwa na hospitali kubwa iliyotaka kumpa nafasi ya utafiti, naye akageukia fani nyingine kabisa, magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka 1933 alimwoa daktari mwenzake, Elsbet Engel, ambaye naye alikuja kuwa bingwa wa fani hiyo hiyo, na wakajaliwa watoto sita. Mpira alioutoa katika tiba ya mkojo na kuupeleka moyoni, sasa yeye mwenyewe alikuwa ameurudisha ulikotoka.

Chama na vita

Sehemu hii ya maisha yake haina cha kujivunia. Mwaka 1932, kabla Adolf Hitler hajashika madaraka, Forssmann alijiunga na chama cha Nazi. Hakulazimishwa na dola, kwani chama hicho kilikuwa bado hakijawa dola. Alibaki mwanachama hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1945.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa daktari wa jeshi, akafikia cheo cha meja. Vita ilipokwisha alikuwa mateka mikononi mwa Wamarekani. Alipoachiwa, uanachama wake ulimfuata. Kwa muda aliishi kwa kukata magogo, kisha akafanya kazi ya udaktari wa kijijini pamoja na mkewe katika eneo la misitu la Schwarzwald, kusini magharibi mwa nchi. Mwaka 1950 alifungua huduma ya magonjwa ya njia ya mkojo katika mji wa Bad Kreuznach.

Kinyume kinachojitokeza hapa ni kikubwa. Forssmann aliuhatarisha mwili wake mwenyewe ili asimhatarishe mwingine. Chama alichokichagua ndicho kilichosimamia utawala ambao madaktari wake waliwafanyia wafungwa majaribio ya kikatili bila ridhaa yao. Kesi ya madaktari hao mjini Nuremberg ilizaa, mwaka 1947, kanuni zinazoweka ridhaa ya hiari ya mhusika kuwa sharti la kwanza la utafiti wowote kwa binadamu. Kwa kipimo cha kanuni hizo, hata jaribio la Eberswalde lina doa, kwa kuwa muuguzi alifungwa mezani kwa hila, na mkubwa wa kazi alikuwa amekataza.

Habari njema kutoka Stockholm

Wakati yeye akiwa msituni na magogo, watu wawili waliokuwa ng'ambo ya bahari walikuwa wameuchukua mpira wake na kuufanya kuwa chombo cha sayansi. Mmoja ni André Cournand, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, na wa pili ni Dickinson Richards, Mmarekani. Katika Hospitali ya Bellevue, New York, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1940, waliitumia njia hiyo kupima shinikizo la damu, kiasi cha hewa katika damu na nguvu ya moyo kwa wagonjwa walio hai, wakiwamo waliopoteza damu nyingi kwa majeraha. Walichothibitisha ni kwamba mpira unaweza kukaa moyoni kwa muda mrefu bila madhara, mradi mtu ajue uko wapi.

Mwaka 1956 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa watu watatu kwa pamoja: Cournand, Richards na Forssmann. Daktari wa mkojo wa Bad Kreuznach, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameugusa moyo wa mtu, aliitwa Stockholm kupokea heshima ya juu kabisa ya fani yake kwa kazi aliyoifanya akiwa kijana asiyejulikana. Mwaka 1958 aliteuliwa kuongoza idara ya upasuaji katika hospitali ya Kiinjili mjini Düsseldorf. Lakini katika elimu ya moyo wakati ulikuwa umemwacha nyuma, na hakurudi tena katika utafiti ule.

Kutoka mpira hadi betri

Mji ule ule wa Stockholm ndio ulioshuhudia hatua iliyofuata. Oktoba 8, 1958, mpasuaji Åke Senning alipandikiza betri ya moyo ya kwanza kukaa yote ndani ya mwili wa binadamu. Ilitengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Mgonjwa, Arne Larsson, alikuwa na umri wa miaka 43, na moyo wake ulikuwa ukisimama mara nyingi kwa siku. Kifaa cha kwanza kilidumu kwa saa chache tu, kikawekwa kingine. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafa akiwa na miaka 86 baada ya kutumia betri 26, na alikwisha kuwazika wote wawili, mpasuaji na mhandisi waliomwokoa.

Tatizo ni kwamba Larsson alipasuliwa kifua, na nyaya zikashonwa juu ya moyo wake. Si kila mgonjwa angeweza kustahimili operesheni kama hiyo, hasa wazee. Jibu lilitoka New York mwaka huo huo wa 1958, pale Dk. Seymour Furman alipopitisha waya katika mshipa wa damu hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo na kuuendesha moyo kwa umeme wa mashine iliyokuwa nje ya mwili. Ilikuwa ni njia ya Eberswalde, safari hii ikibeba umeme badala ya dawa.

Kwa miaka mingi waya uliwekwa katika chumba cha chini peke yake. Wagonjwa waliishi, lakini baadhi yao waliendelea kulalamika kuwa wanachoka, wanaona kizunguzungu na kuhisi damu ikipiga shingoni. Sababu yake inaeleweka. Katika moyo mzima, chumba cha juu hujikamua kwanza na kusukumia chini kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya damu inayojaza chumba cha chini, ndipo chumba cha chini nacho hupiga. Betri inayoamuru chumba cha chini bila kujali cha juu huvunja mpangilio huo. Chumba cha juu hujikuta kikijikamua wakati mlango wa kutokea umefungwa, na damu ikarudi nyuma.

Ndiyo maana, kuanzia miaka ya 1970, wataalamu walijibidiisha kuweka waya wa pili katika chumba cha juu, ili betri isikilize amri ya asili ikiwapo, au itoe amri hiyo yenyewe inapokosekana, kisha isubiri kidogo kabla ya kuamuru chumba cha chini. Si kila mgonjwa anahitaji waya huo. Yule ambaye chumba chake cha juu kimepoteza kabisa utaratibu na kubaki kikitetemeka siku zote hafaidiki nao.

Kutia nanga katika ukuta laini

Kuweka waya katika chumba cha juu ni kazi inayohitaji mkono mtulivu. Mvuvi wa pwani ya Mbweni anajua kuwa nanga hushika vizuri penye miamba na hukokoteka penye mchanga. Chumba cha chini cha moyo kina misuli minene iliyosukana, na waya hupata pa kushika. Chumba cha juu kina ukuta mwembamba, na sehemu yake kubwa ni laini. Waya ukibanwa mno unaweza kutoboa ukuta huo na damu ikavujia katika mfuko unaouzunguka moyo, jambo ambalo ni la hatari. Ukiachwa bila kushika sawasawa, utachomoka.

Mahali panapotumiwa zaidi ni kijifuko kidogo chenye umbo kama sikio, kilicho upande wa mbele wa chumba hicho. Ndani yake misuli imejipanga kama meno ya kitana, na hapo nanga hupata mwamba. Kwa kuwa kijifuko hicho kiko juu, na waya unaingia ukitokea juu, mafundi walitengeneza waya wenye ncha iliyopinda mfano wa herufi J. Ncha nyingine zina vikulabu laini vinavyojichomeka katikati ya misuli, na nyingine zina skrubu ndogo inayojizungusha ukutani. Waya wa skrubu unaweza kukaa pia katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, jambo linalosaidia hasa kwa mgonjwa aliyewahi kupasuliwa moyo, ambaye kijifuko chake huenda kilifungwa au kuondolewa.

Mgonjwa huwa macho. Hupewa dawa ya ganzi chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na waya huingizwa katika mshipa ulio hapo. Daktari hufuatilia safari yote kwenye skrini ya mionzi, kama Forssmann alivyofanya, isipokuwa hahitaji kioo. Ndani ya waya hupita uzi wa chuma unaounyoosha. Ncha ikifika katikati ya chumba, uzi huo huvutwa nyuma, na waya hujikunja wenyewe kuelekea juu. Ukiwa umeingia katika kijifuko, ncha huonekana ikiyumba kushoto na kulia kwa kila pigo, mithili ya waipa ya kioo cha gari.

Kazi haiishii hapo. Hupimwa nguvu ya umeme wa asili unaosikika katika ncha, ambao katika chumba cha juu ni mdogo mno, na madaktari hutafuta angalau milivolti moja na nusu hadi mbili. Hupimwa pia ni umeme kiasi gani unatosha kuukamua moyo, kwa kuwa kiasi kidogo huifanya betri idumu. Mgonjwa huambiwa avute pumzi ndefu na kukohoa, ili ionekane kama waya una ulegevu wa kutosha. Ulegevu ukipungua, waya utavutika atakaposimama. Ukizidi, utaporomokea kwenye mlango wa moyo. Umeme huongezwa kwa muda pia, kuhakikisha kuwa hauamshi neva ya kiwambo cha pumzi inayopita karibu, kwani mgonjwa angeondoka na kwikwi zisizokwisha.

Wiki chache za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi. Mgonjwa hukatazwa kuinua juu ya bega mkono wa upande wenye betri, kwani waya bado haujashikamana na nyama. Kwa mkazi wa jiji hilo, maana yake ni pamoja na kutoning'inia kwenye bomba la daladala kwa mkono huo.

Huduma imesogea nyumbani

Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye tatizo kubwa la moyo aliangalia India au Ulaya, kwa gharama ya Serikali au ya michango ya ndugu. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga. Uchunguzi na tiba kwa kupitia mishipa ya damu, ikiwamo kuwekewa betri, umekuwa sehemu ya kazi zake. Safari iliyohitaji pasipoti na ndege sasa inaweza kuwa safari ya kutoka Mbweni hadi Upanga, ingawa gharama ya kifaa chenyewe bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi, hasa zisizo na bima ya afya.

Werner Forssmann hakuyaona hayo. Alifariki dunia Juni 1, 1979, katika mji wa Schopfheim, kusini magharibi mwa Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 74. Kilichomuua ni ugonjwa wa moyo.

Ni haki mgonjwa ajue kuwa tiba inayomrudishia nguvu ilitoka katika mikono ya mtu wa aina hiyo, mwenye ujasiri wa kupita kiasi, mkaidi, aliyemdanganya mwenzake wa kazi na kukosea vibaya katika kuchagua upande wa kisiasa. Kuyaficha makosa yake hakumwongezei heshima, na kuyataja hakuiondoi picha ile ya mwaka 1929. Kilichobaki katika urithi wake ni vitu viwili ambavyo kila chumba cha kuwekea betri hukihitaji hadi leo: skrini inayoonyesha ncha ya waya iko wapi, na, kwa fundisho lililopatikana kwa machungu baada yake, saini ya mgonjwa aliyeelezwa kila kitu kabla hajalazwa mezani.